Mboga ya Soko Ifike Tumboni mwa Mtoto

Leo tuzungumze kuhusu lile fungu la mboga unalonunua sokoni: terere, managu, kunde au mrenda.

Siku moja alikuja kliniki mama anayeuza mboga hizi. Mtoto wake alikuwa na miezi 11. Nilipomtazama viganja, vilikuwa vimepauka. Alikuwa na upungufu wa damu. Mama alishangaa. "Sista, mboga hulala nyumbani kwangu. Atakosaje damu?" Nikamuuliza mtoto hula nini. Akasema, "Ugali laini na mchuzi wa mboga. Majani hawezi kutafuna."

Hapo ndipo penye shida. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Akifika miezi 6 akiba hiyo imepungua, naye anahitaji chakula pamoja na maziwa ya mama. Mchuzi wa mboga peke yake haumtoshi. Ni lazima ale majani yenyewe.

Basi, mama, fanya hivi. Ukifika sokoni, chagua majani mabichi yasiyonyauka wala kugeuka manjano. Yaweke kivulini, kwa sababu jua na kukaa sana hupunguza vitamini. Yapike siku hiyo hiyo au kesho yake.

Osha mboga kwa maji safi kabla ya kuikata. Ukikata kwanza, vitamini hutoka na maji ya kuoshea. Ipike kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Wengine huchemsha managu sana na kumwaga maji ili kuondoa uchungu. Afadhali uyachanganye na terere. Tia mafuta kidogo, maana mwili huhitaji mafuta ili kupata vitamini A.

Kwa mtoto mdogo, kata mboga iwe laini kabisa, kisha uiponde kwa mwiko. Changanya na ugali laini au viazi. Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, uongeze polepole. Ukipata omena, ikaushe vizuri, uitwange iwe unga na umtilie. Yai, maini na maharagwe pia ni vizuri. Baada ya kula, mpe kipande cha papai au chungwa lililoiva. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye mboga. Lakini usimpe chai, kwa kuwa chai huzuia chuma hicho.

Tafadhali kumbuka: mboga hazichukui nafasi ya dawa. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Ukiona viganja vya mtoto vimepauka, au amelegea na hataki kucheza, mpeleke kliniki haraka apimwe. Usisahau matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 mpaka afikishe miaka 5.

Yule mama alipewa dawa ya mtoto, na nyumbani akaanza kuponda majani. Baada ya miezi 2 alirudi akicheka. Viganja vya mtoto vilikuwa na rangi, na mkononi ameshika kipande cha papai.

Mama, usiuze mboga zote. Fungu la kwanza liwe la mtoto wako.