Pumziko la Moyo Ukingoni mwa Shimo la Mungu

Msomaji mpenzi, je, umepata kulala usiku kucha na usipumzike? Mwili umenyooka kitandani, taa imezimwa, watoto wamelala, lakini moyo wako unatembea. Unahesabu madeni, unajibu maneno ya watu ambao hawapo, unangoja jogoo awike ili angalau upate sababu ya kuamka. Kama umepata kuwa hivyo, basi makala haya ni yako. Yanatoka kwa mtu aliyelala hivyo majuma mengi, naye ni karani wa parokia, aliyezoea kuwaandikia wengine habari za neema ya Mungu.

Sisi wa Newala twaijua habari ya mizigo. Uwanda wetu wa Makonde uko juu, na udongo wake wa mchanga humeza mvua upesi, hata maji yakawa shida tangu enzi za mababu. Zamani mama zetu waliteremka mabonde hadi kwenye chemchemi, kisha wakapanda tena mlima na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 ulileta nafuu kubwa, na maji husukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Lakini bomba likikauka, ndoo hurudi kichwani.

Muulize mama aliyepanda mlima ule raha yake huanza wapi. Hatakwambia kwamba huanza anapokunywa. Huanza pale afikapo uani, na mwenzake akanyosha mikono akamtua. Maana ndoo iliyojaa ni vigumu kuitua peke yako. Ukijaribu, maji humwagika na shingo huumia. Lazima mikono ya mwingine iguse mzigo wako.

Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 11, Bwana wetu awaita wote wanaosumbuka na kulemewa, akiwaahidi raha nafsini mwao. Nimeusikia mwito huo tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba wawahusu wagonjwa na wazee. Sikujua kwamba wanihusu mimi, mwenye afya na kalamu mkononi.

Sikiliza ilivyokuwa. Miaka michache iliyopita mtoto wetu wa kwanza alichaguliwa kwenda shule ya bweni. Furaha ilikuwa kubwa, lakini Januari ilitukuta mikono mitupu: godoro, sanduku, sare, madaftari na nauli, vyote vyadai fedha siku moja. Nikafanya jambo ambalo wakulima wa korosho walijua vizuri, wala hawalisemi kwa sauti. Nikauza kangomba. Yaani, nilipokea fedha za mtu kwa bei ya kutupa, nikaahidi kumlipa magunia matano ya korosho ambazo hazijatoka hata maua. Biashara hiyo imekatazwa, nami nilijua. Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia kwamba nimekopeshwa na rafiki.

Mwezi wa Julai maua ya mikorosho yakashikwa na ubwiri unga. Mkulima asiyepuliza salfa wakati huo hana la kutumaini mwezi wa Oktoba, nami sikuwa na fedha ya kununua hata mfuko mmoja. Hapo ndipo usingizi uliponihama. Na katika usiku mmoja wa namna ile nikakumbuka kwamba ufunguo wa sanduku la fedha za mabati ya kanisa umo mfukoni mwangu.

Sitaki kukuficha, msomaji. Niliamka, nikaenda ofisini kwa mwanga wa simu, nikaingiza ufunguo kwenye kufuli. Moyo ulinipa maneno matamu: "Huibi, unaazima tu. Oktoba utarudisha, na hakuna atakayejua." Nilisimama pale sijui muda gani. Kilichonizuia si ushujaa. Juu ya meza lilikuwapo daftari la michango, nalo limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikayaona majina: bibi mjane, shilingi elfu moja, mtoto wa Shule ya Jumapili, shilingi mia mbili. Nikatoa ufunguo, nikarudi nyumbani nikitetemeka kama mwenye homa.

Asubuhi nilikwenda kwa padre wetu, nikamweleza yote. Nilitazamia aidha karipio, aidha msaada wa fedha. Hakunipa hata kimoja. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nani mwingine ajua habari hii?" Nikajibu, "Hakuna, Baba." Akasema, "Basi ndiyo sababu imekulemea." Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Padre aliniagiza mambo matatu. La kwanza, nimkabidhi mweka hazina ufunguo mpaka mavuno yaishe. La pili, nimweleze mke wangu kabla jua halijatua. La tatu, niende Shimo la Mungu alasiri moja, nisichukue simu wala daftari, nikae kimya.

Asiyeifahamu Newala ajue kwamba Shimo la Mungu ni mahali uwanda wetu unapokatika ghafula. Mbele ya miguu yako ardhi huteremka mbali sana, na macho yako husafiri juu ya misitu na mabonde hadi bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Nimekaa Newala miaka mingi, na nilikuwa nikipapita mahali pale kama mtu apitavyo dukani. Siku ile nilikaa. Saa ya kwanza nilihesabu magunia tu. Baadaye hesabu ziliniishia, nikabaki na upepo. Nikamwambia Mungu jambo ambalo sikuwa nimelisema katika sala zangu zote nzuri za kanisani: "Bwana, nimechoka, na nimekosa." Hayo tu. Nikalia kidogo, wala sioni haya kuyaandika.

Nilipokuwa nikirudi nilimkumbuka nabii Eliya. Habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiri. Alimpa usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena. Na safari ikafuata baadaye.

Nikakumbuka pia wazee wetu katika imani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka pwani, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akinuia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wakiwa wamechoka na kuona ardhi njema, walikaa pale. Wakajenga, wakalima, wakasali. Lakini mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na Magwangwara. Wengine waliuawa, wengine wakatekwa. Ndipo Padre Chauncy Maples na wenzake walipohamia huku Newala, chini ya ulinzi wa chifu Matola. Tazama, basi: mahali pa kupumzikia paliondolewa, lakini sala hawakuiacha nyuma. Kama raha yao ingalikuwa katika nyumba na mashamba tu, ingaliteketea siku ile.

Labda wauliza, mke wangu alisemaje? Alikasirika, tena kwa haki. Siku mbili hakunisemesha ila salamu. Siku ya tatu akasema, "Baba watoto, kaka yangu amebakiza salfa. Twende tukamwombe wote wawili." Tukaenda. Shemeji alitupa mifuko miwili. Tulipuliza kwa kuchelewa, tukaokoa sehemu ya maua. Mwaka ule nililipa magunia matatu, na mwaka uliofuata mawili. Hakuna muujiza uliofuta deni langu. Lakini nataka uelewe vema: nilianza kulala usingizi usiku ule ule niliomweleza mke wangu, wakati deni lilikuwa bado magunia matano kamili. Mzigo ulikuwa ule ule, ila sasa mikono ilikuwa mingi, na mkono mmoja ulikuwa wa Bwana.

Baada ya mavuno mweka hazina alitaka kunirudishia ufunguo. Nikaomba sanduku litiwe kufuli mbili, na kila ufunguo ushikwe na mtu wake. Hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo. Kumwamini Mungu hakumaanishi kujiamini kupita kiasi.

Basi, msomaji mpenzi, kama moyo wako watembea usiku, nakusihi mambo machache. Mtafute mtu mmoja mwaminifu, padre, mwenzi wa ndoa au mzee wa kanisa, umwambie jambo lile hasa unaloficha; usimwambie la pembeni. Itunze Jumapili, hata wakati wa msimu wa korosho. Ghala halitahama kwa kuwa umekwenda kusali. Na kila juma tenga saa moja ya kukaa kimya mbele za Mungu, pasipo simu. Kama huna Shimo la Mungu karibu, chini ya mkorosho patafaa.

Na ukimwona mwenzako amefika uani na ndoo imejaa, usimwulize kwa nini ameteka maji mengi hivyo. Nyosha mikono, umtue.