Vivumishi vya Kiingereza na Vihusishi Vyake: Tatizo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wengi wanaojiunga na masomo ya Kiswahili hapa Uganda huwa wamekwisha kusoma kwa Kiingereza miaka mingi. Kwa sababu hiyo, wanapoandika Kiswahili huunda kwanza sentensi ya Kiingereza kichwani, kisha huihamisha neno kwa neno. Zipo sehemu ambazo njia hiyo haina madhara makubwa. Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambapo huharibu mara nyingi sana, nayo ni pale kivumishi cha Kiingereza kinapofuatwa na kirai kihusishi, kama vile "afraid of dogs" au "angry with the pupils".

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiingereza kinavyounganisha vivumishi na virai hivyo, jinsi Kiswahili kinavyoeleza mambo hayo hayo kwa njia zake chenyewe, na jinsi mwalimu anavyoweza kumsaidia mwanafunzi. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Makosa tunayoyaacha leo katika madaftari ya walimu wanafunzi ndiyo yatakayoandikwa ubaoni kesho.

Katika mifano inayofuata, alama ya nyota (*) mbele ya sentensi huonyesha kuwa sentensi hiyo si sahihi, au haileti maana iliyokusudiwa.

1. Kivumishi huchagua kihusishi chake

Katika Kiingereza, kivumishi huja na kihusishi chake. Husemwa "afraid of", "good at", "interested in", "similar to" na "married to". Hakuna kanuni moja inayoweza kutuambia kwa nini ustadi huchukua "at" na mvuto huchukua "in". Mzungumzaji wa Kiingereza hujifunza maneno hayo yakiwa pamoja. Hata wenyewe hawakubaliani kila mahali: "different from" hutumika kote, lakini Waingereza wengine husema "different to" na Wamarekani wengi husema pia "different than".

Kuna mambo mengine matatu ya kuzingatia. Kwanza, baadhi ya vivumishi haviwezi kusimama peke yake katika sentensi ya kawaida. "She is fond" ni sentensi isiyokamilika. Lazima tuelezwe anapenda nini. Pili, kitenzi kikifuata kihusishi huchukua umbo la "-ing": "afraid of falling". Hapo Kiswahili hutumia kitenzi-jina: kuogopa kuanguka. Tatu, kivumishi chenye kirai kihusishi hukaa baada ya nomino, ingawa kwa kawaida vivumishi vya Kiingereza hutangulia nomino. Husemwa "a full bucket", lakini "a bucket full of water". Jambo hili la tatu haliwasumbui sana wanafunzi wetu, kwa kuwa mpangilio wake unakaribiana na ule wa Kiswahili: ndoo iliyojaa maji.

2. Kihusishi kikibadilika, maana hubadilika

Kihusishi si pambo. Mara nyingine ndicho kinachobeba maana yote. Tuangalie mifano hii:

(a) "I am tired from teaching": nimechoka kwa kufundisha, nikipumzika nitapata nguvu.
(b) "I am tired of teaching": nimechoshwa na kazi ya kufundisha, natamani kuiacha.
(c) "She is good at children's games": ni hodari wa michezo ya watoto.
(d) "She is good with children": anajua kukaa na watoto.
(e) "Milk is good for children": maziwa yanawafaa watoto.

Kivumishi cha (a) na (b) ni kimoja, na cha (c) hadi (e) ni kimoja. Lakini mwanafunzi anayeandika "mzuri" katika (c), (d) na (e) atakuwa amepoteza maana tatu kwa mpigo.

3. Kiswahili hufanyaje?

Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili na vihusishi vichache. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kivumishi na kihusishi, Kiswahili huigawa kwa njia nne kuu.

(i) Kitenzi na yambwa, bila kihusishi chochote. "Afraid of dogs" ni kuogopa mbwa. "Full of water" ni kujaa maji. "Proud of her children" ni kujivunia watoto wake.

(ii) A-unganifu. "Good at singing" ni hodari wa kuimba. "Quick to forget" ni mwepesi wa kusahau.

(iii) Kiunganishi "na". "Different from" ni tofauti na. "Similar to" ni sawa na. "Near to" ni karibu na. "Married to Juma" ni ameolewa na Juma. Kiingereza hutenganisha kufanana na kutofautiana kwa "to" na "from". Kiswahili hutumia neno moja kwa yote mawili. Ndiyo maana mwanafunzi huyo huyo, akirudi kwenye Kiingereza, huandika *"married with Juma".

(iv) Mnyambuliko wa kitenzi. "Angry with the pupils" ni kuwakasirikia wanafunzi, katika kauli ya kutendea. "Interested in history" ni kuvutiwa na historia, katika kauli ya kutendwa.

4. Makosa na madhara yake

Baadhi ya makosa huonekana mara moja. Mwanafunzi akiandika *"Kiganda ni tofauti kutoka Kiswahili", au *"Ninavutiwa katika historia", msomaji atajua kilichokusudiwa, ingawa sikio litakataa.

Makosa ya hatari ni yale yanayozaa sentensi nzuri yenye maana nyingine. Chukua "The teacher is angry with the pupils". Mwanafunzi huandika *"Mwalimu amekasirika na wanafunzi". Kwa kuwa "na" huunganisha watu pia, msomaji anaweza kuelewa kuwa mwalimu na wanafunzi wamekasirika pamoja, na atabaki akijiuliza ni nani aliyewaudhi. Sentensi inayotakiwa ni "Mwalimu amewakasirikia wanafunzi".

Mfano mwingine ni "responsible", neno linalopatikana katika kila barua ya ajira. "Responsible to the headteacher" ni kuwajibika kwa mwalimu mkuu. "Responsible for the pupils" ni kuwa na dhamana ya wanafunzi. Anayetafsiri yote mawili kwa "kuwajibika kwa" anaweza kumfanya mwalimu apokee amri kutoka kwa watoto anaowalea. Hapo kosa la kihusishi moja limegeuza mamlaka ya shule nzima.

5. Mapendekezo

Kwanza, tusifundishe msamiati kwa neno mojamoja. Badala ya kuandika "different" na "tofauti" ubaoni, tuandike "tofauti na", pamoja na sentensi kamili.

Pili, kabla ya kutafsiri, mwanafunzi ajiulize: nani anahisi nini, na hisia hiyo inamwelekea nani? Akipata jibu, atafute kwanza kitenzi cha Kiswahili, si kivumishi.

Tatu, tutumie lugha za nyumbani. Mwanafunzi anayesema Kiganda tayari anasema "omwana atya embwa" na "endobo ejjudde amazzi". Hakuna kihusishi humo, na mpangilio ni ule ule wa "mtoto anaogopa mbwa" na "ndoo imejaa maji". Njia ya kutoka Kiganda hadi Kiswahili ni fupi. Anayepitia Kiingereza huzunguka mlima bure.

Nne, mwanafunzi anapofungua kamusi, kwa mfano Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, asiishie kwenye kisawe cha kwanza. Asome maelezo ya neno hilo hadi mwisho.

Tano, tunaposahihisha, tusikate "kutoka" kwa kalamu nyekundu na kupita. Tuandike pembeni muundo unaotakiwa, kwa sababu mwanafunzi aliyekatiwa neno bila maelezo atajaribu kihusishi kingine kwa kubahatisha.

Hitimisho

Tumeona kuwa kivumishi na kirai kihusishi katika Kiingereza ni kitu kimoja, na hutafsiriwa kikiwa kimoja. Tukikigawa vipande, hatupati Kiswahili. Tunawaomba walimu wenzetu wakusanye mifano kutoka katika madarasa yao, hasa ya wanafunzi wanaozungumza Kinyankole, Kiacholi na Kiteso, ili tuone ni wapi lugha hizo zinakisaidia Kiswahili na ni wapi zinahitaji maelezo ya ziada.