Waliokaribia Kufa Wakarudi: Sayansi Yasemaje?

Kutoka Dongobesh hadi Katesh tunasikia habari za mtu aliyezimia kwa malaria kali, ndugu wakaanza kulia, kisha akafumbua macho. Baadaye husimulia kwamba alipita njia ya giza akaona mwanga mbele, au aliutazama mwili wake kutoka juu. Wengine husema ni uongo, wengine ni uchawi. Je, madaktari wanasemaje?

Kwanza, simulizi hizi si za kwetu tu. Mwaka 2001 madaktari wa Uholanzi walitoa taarifa ya wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakaokolewa. Kati yao, 62 walikumbuka mambo ya namna hiyo.

Moyo ukisimama, ubongo hukosa damu na oksijeni. Jicho likipungukiwa damu huacha kuona pembeni, likabaki kuona katikati tu, kama mtu aliye ndani ya shimo refu lenye mwanga mwishoni. Marubani wa ndege za kivita hupatwa na hali hiyo ndege inapopinda kwa kasi. Tena, mwaka 2002 madaktari wa Uswisi waligusa kwa umeme sehemu fulani ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, naye akajiona kutoka juu amelala kitandani.

Maelezo haya hayajakamilika, wala hayaondoi imani yetu. Aliyerudi alikuwa karibu na kifo. Ubongo wake ulikuwa bado haujafa. Sayansi hupima ubongo, haina kipimo cha roho.

Basi, tusiharakishe kusema mtu amekufa. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, wakunga wamefundishwa kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua: kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpa hewa kwa mfuko maalumu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mtoto aliyedhaniwa mfu huweza kulia.

Nasi nyumbani, aliyezimia lakini anapumua tumlaze ubavu, tusimnyweshe kitu, tumfikishe hospitali upesi. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari.

Akipona na kusimulia aliyoyaona, tumsikilize kwa upole. Tusimcheke, wala tusimtafute mchawi.