Chumvi Inavuta Maji: Namna ya Kuhifadhi Samaki

Wewe mvuvi wa Baraka, na wewe mama unayenunua samaki ufukoni ili uwapeleke Fizi mlimani au kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, sikiliza maneno haya. Jua ni kali na njia ni ndefu. Samaki asiyetiwa chumvi vema huoza kabla ya kufika, na fedha yako imepotea. Tena mtu akila samaki mbovu huugua. Basi yafaa kujua chumvi inafanya kazi gani.

Jaribu kwanza nyumbani. Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi kitamu kibichi. Kimoja ukitie katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi. Acha mpaka jioni. Cha maji matupu utakikuta kigumu. Cha maji ya chumvi kimelegea kama kitambaa. Sababu ni nini?

Kila chenye uhai, mmea au mnyama, kimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wenye elimu huviita seli. Kila seli ina maji ndani, na imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo ni kama mlinzi mlangoni: maji huyaacha yapite, lakini chumvi huizuia. Chumvi ikizidi nje, maji hutoka ndani kuifuata. Ikizidi ndani, maji huingia. Ndiyo maana kiazi kililegea.

Kwa samaki ni vivyo hivyo. Ukimpaka chumvi, maji ya nyama yake hutoka. Ndiyo yale uyaonayo chini ya chombo. Na kwa kuwa amekwisha kufa, utando wake haulindi tena vema; kwa hiyo chumvi nayo huingia polepole mpaka ndani. Vijidudu vinavyoozesha samaki navyo ni seli. Chumvi nyingi huvinyima maji, visiweze kuzaana. Chumvi kidogo haivishindi. Anayebania chumvi hupoteza samaki.

Fanya hivi:

1. Mpasue samaki mapema, siku ile ile aliyovuliwa. Toa matumbo, osha kwa maji safi. Mnene, kama sangala, mchanje nyama yake, chumvi ipate njia.

2. Kwa kilo 3 za samaki tumia kilo 1 ya chumvi. Paka ndani, nje, na katika chale zote.

3. Wapange tabaka kwa tabaka, chumvi katikati, mahali ambapo maji yatachuruzika. Funika, nzi wasitage mayai.

4. Nyama ikiwa ngumu, waanike juu ya kichanja, si mchangani. Usiku na wakati wa mvua waingize ndani, maana chumvi huvuta hata maji ya hewani.

Mpishi naye amloweke samaki katika maji matupu, na kuyabadili. Chumvi itatoka, maji yatarudi, nyama italainika.

Mkulima, sheria hii iko shambani pia. Ukirundika majivu mengi shinani pa mche, chumvi yake huzuia mizizi isinywe maji. Mche utanyauka ingawa udongo umelowa. Tawanya majivu kidogo, mbali na shina.

Kumbuka: chumvi iko wapi, maji huenda huko. Ukiijua sheria hii, samaki wako atafika sokoni akiwa mzima, nawe utarudi na faida.