Kamba, Mawe na Vijiti: Ubongo wa Aliyetoka Porini

Mwaka 1995 Thomas Elbert, mtafiti wa ubongo kutoka Ujerumani, alikuwa akichunguza vidole vya wapiga ala za nyuzi kama fidla. Yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, ni pana zaidi kwa wanamuziki hao, hasa walioanza utotoni. Mwaka huohuo alishiriki utafiti mwingine, wa watu waliokatwa mkono: kadiri ubongo unavyojipanga upya baada ya mkono kuondoka, ndivyo maumivu ya mkono usiokuwepo yanavyokuwa makali.

Miaka michache baadaye tunamkuta kwenye kambi za wakimbizi Uganda, kisha Kongo ya Mashariki, pamoja na Maggie Schauer na Frank Neuner. Inaonekana kama mtu aliyeacha maabara akaingia kwenye huruma. Sioni hivyo. Swali lake lilikuwa lilelile: linalorudiwa linauachia nini ubongo?

Huko Kongo ya Mashariki, katika Masisi na Walikale, yamerudiwa mengi. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi. Mwaka 2010, kwa siku chache tu, wapiganaji walibaka watu zaidi ya 300 Luvungi na vijiji vya jirani. Mapema 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Masisi-centre, na Machi likafika Walikale-centre. Mtu wa makamo huko ameshakimbia mara ambazo hazihesabiki tena.

Idadi hiyo ina uzito wake. Katika utafiti wa Neuner na wenzake katika eneo la West Nile, Uganda, uliochapishwa 2004, kati ya waliopitia aina tatu au chini ya hapo za matukio ya kutisha, asilimia 23 walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Waliopitia aina 28 au zaidi, wote walikuwa nao. Ndiyo maana sipendi kusikia fulani amevunjika kwa kuwa moyo wake ni dhaifu. Mzigo ukizidi, hakuna shujaa.

Katika ubongo, tukio la hofu kubwa huandikwa mara mbili. Amigdala, kijisehemu kilicho ndani ya ubongo upande wa masikio, hushika mlio, harufu ya moshi, mapigo ya moyo. Hipokampasi, jirani yake, ndiyo yenye kazi ya kuweka mahali na wakati: ilikuwa wapi, lini, kabla ya nini. Hofu ikipita kiasi, ya kwanza huandika kwa nguvu na ya pili hulegea. Kila tukio jipya hujifunga kwenye yale ya zamani, kama wavu wa mvuvi wa Ziwa Kivu: ukivuta fundo moja, wavu wote unafuata. Mlango ukigongwa kwa nguvu leo, mwili unajibu Ntoto, Luvungi na yote yaliyofuata kwa pamoja, bila tarehe.

Tiba ambayo Elbert, Schauer na Neuner waliiunda huanza na kamba iliyonyooshwa sakafuni, ambayo ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Juu yake huwekwa maua kwa mema na mawe kwa mabaya. Kisha anasimulia kila jiwe polepole, kwa mfuatano, huku mshauri akimrudisha kila mara kwenye chumba alichokaa: ulisikia nini wakati ule, unasikia nini sasa? Simulizi huandikwa na kusomwa tena, na mwishoni ni mali yake. Katika kambi ya Imvepi, Uganda, mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya Wasudani waliotibiwa hivyo bado walikuwa wagonjwa. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida ilikuwa 79. Nakivale, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwa washauri, na ilifaa. Kwa eneo lenye madaktari wa akili wachache, hilo ndilo jambo kubwa kuliko picha zote za ubongo.

Kwa wapiganaji waliotoka porini kiliongezwa kijiti: tendo la ukatili alilolifanya yeye mwenyewe. Hapa ndipo penye ugumu. Baadhi yao walisema kupigana kuliwapa raha, na tafiti kadhaa za kundi hilo la watafiti zilionyesha kwamba wenye raha hiyo mara nyingi huteswa kidogo na kumbukumbu. Basi kijana anayelala vizuri baada ya kuweka silaha chini si lazima awe amepona. Anaweza kuwa ndiye atakayerudi msituni kwanza, naye hatamtafuta mshauri.

Na kwa mama wa Masisi, risasi anayoisikia usiku huu ni ya kweli. Amigdala yake haikosei. Anayemtibu hawezi kumwambia yamekwisha; anaweza tu kumsaidia asikimbie miaka thelathini yote kwa mkupuo, akimbie hii ya leo, akiwa na akili ya kukumbuka njia na idadi ya watoto.