Mfumo wa ada ya mwezi kwenye intaneti: Mambo ya kuangalia kabla hujamlipa fundi

Chama cha wasafirishaji, wakala wa forodha au kijana mwenye ujuzi wa kompyuta anaweza leo kujenga mfumo wa intaneti wa kutunza nyaraka za malori, na kuwatoza wenzake ada ya kila mwezi. Hahitaji kununua seva wala kujenga chumba cha kuiweka. Hata hivyo, ugumu mkubwa hauko kwenye kurasa zinazoonekana. Uko kwenye namna fedha inavyothibitishwa, na namna mlango unavyofungwa fedha isipoingia.

Tuchukue mfano wa mfumo unaotunza leseni za barabara, bima, kadi ya njano ya COMESA, pasipoti za madereva na nakala za hati za forodha, kisha unamkumbusha mwenye lori kabla tarehe haijapita. Mfumo huo una sehemu tatu: kurasa anazoziona mteja kwenye simu, kanzidata inayotunza kumbukumbu, na njia ya kupokea malipo.

Kanzidata ya wingu

Neno wingu lisikutishe. Maana yake ni kompyuta za kampuni nyingine, unazozikodi na kulipia kwa kadiri unavyozitumia. Baadhi zimesogea karibu nasi. Amazon, kwa mfano, ilifungua kituo chake cha Cape Town mwaka 2020.

Jambo la kwanza la kusimamia ni kwamba akaunti ya wingu ifunguliwe kwa jina la kampuni au chama chako, si kwa barua pepe ya fundi. Fundi akiondoka na funguo, ameondoka na kumbukumbu zako zote. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la pili ni kutenganisha wateja. Kampuni mbili zinazogombea mzigo mmoja hazipaswi kuonana bei. Kila kumbukumbu iwe na alama ya kampuni inayoimiliki, na zuio liwekwe ndani ya kanzidata yenyewe, si kwenye kurasa tu. Programu ya PostgreSQL, ambayo ni ya bure, ina uwezo huo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016.

Aidha, dai nakala rudufu ya kila siku, na mtake fundi airudishe mbele yako angalau mara moja. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kutegemea.

Malipo ya kila mwezi

Mwenye kadi ya benki akitoa idhini mwanzoni, ada inaweza kukatwa kila mwezi bila yeye kugusa chochote. Fedha za simu kwa kawaida haziendi hivyo. Mteja hutumiwa ombi kwenye simu, huingiza namba yake ya siri, ndipo fedha hutoka. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha mwaka 2024 huduma ya M-Pesa Ratiba ya kupanga malipo yanayojirudia. Lakini kama wateja wako wako Arusha, Kampala na Kigali pia, usitegemee huduma ya nchi moja. Panga mfumo utume kumbusho siku kadhaa kabla, kisha utume ombi la malipo.

Ujumbe mfupi anaouonyesha mteja si ushahidi, kwa sababu unaweza kughushiwa. Hata ukurasa wa simu yake unaosema "Asante, umelipa" si ushahidi. Ushahidi ni taarifa inayotoka kwa kampuni ya malipo kwenda kwenye seva yako, yenye namba ya muamala na kiasi, na ambayo seva yako imehakikisha kwamba kweli imetoka huko.

Taarifa hiyo yaweza kufika mara mbili, au isifike kabisa mtandao ukisumbua. Kwa hiyo namba moja ya muamala ihesabiwe mara moja tu, na seva iwe inauliza yenyewe kuhusu malipo ambayo hayajajibiwa.

Vilevile angalia sarafu. Shilingi ya Kenya huhesabiwa na senti, ila kwa kanuni za kimataifa shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazina sehemu ndogo. Mfumo unaohesabu kwa senti ukikutana na 50,000 unaweza kudhani ni 500. Kila kiasi kiandikwe pamoja na sarafu yake.

Ada ikiisha lori likiwa njiani

Tuseme ada inaisha Jumamosi usiku, lori liko Tunduma, na dereva anatakiwa kuonyesha nakala ya hati. Mfumo ukifunga kila kitu, lori linalala mpakani kwa ajili ya ada ndogo, na mteja huyo hatarudi. Zuia kuingiza mapya, lakini acha kusoma na kupakua nyaraka kwa siku kadhaa za ziada, tuseme saba.

Kumbuka pia kwamba saa sita usiku ya Tunduma ni saa tano usiku ya Nakonde. Hali ni hiyo hiyo kati ya pande mbili za Rusumo. Mfumo utunze muda kwa saa moja ya kimataifa, kisha umwonyeshe kila mtu kwa saa ya kwake.

Sheria

Pasipoti ya dereva ni taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa hizo mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinagusa pia kupeleka taarifa nje ya nchi, na kukodi wingu la nje ni kupeleka nje. Muulize mwanasheria kuhusu kujisajili kabla ya kupokea mteja wa kwanza.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, basi, muulize fundi maswali manne. Akaunti zitakuwa kwa jina la nani? Malipo yanathibitishwaje? Taarifa ikifika mara mbili kutatokea nini? Ada ikiisha, dereva aliye mpakani ataona nini? Asiyeweza kuyajibu kwa lugha unayoielewa, usimkabidhi fedha wala nyaraka zako.