Lamprei, Mkunga na Istilahi za Uhamaji wa Samaki

Mfasiri wa elimu ya viumbe akutanapo na lamprei katika maandishi ya Ulaya, aweza kushawishika kumwita mkunga. Sababu ni dhahiri: wote wawili ni warefu kama nyoka na ngozi zao zina utelezi. Lakini lamprei hana taya wala mapezi ya ubavuni. Mdomo wake ni duara lenye meno, na kila upande wa kichwa una matundu saba ya kupumulia. Tena hapatikani katika mito ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hakuna jina la wavuvi tuwezalo kuliazima. Tunapendekeza jina litoholewe liwe lamprei, umoja na wingi, kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai.

Jina ndilo jepesi. Uzito uko katika istilahi za safari zake.

Tuchukue mto Severn, Uingereza. Lamprei wa mtoni, Lampetra fluviatilis, hupita mlango wa mto kati ya Oktoba na Desemba, hukaa mtoni wakati wa baridi, na kutaga Machi au Aprili. Lamprei wa baharini, Petromyzon marinus, huingia Aprili na Mei, na kutaga mwishoni mwa Mei au Juni. (Tumetaja miezi kwa makusudi: kuandika kwamba huyu wa pili huhama "wakati wa masika" ni kumletea msomaji mvua ya Dar es Salaam mahali isipohusika.) Wote husafiri zaidi usiku, hawali tena wakishaingia maji matamu, na hufa baada ya kutaga. Lava wao hujifukia katika tope la mtoni kwa miaka kadhaa, wakichuja chakula majini, kisha hugeuka umbo na kushuka baharini. Tumesema lava, si buu, kwa kuwa buu limekwisha kushikamana na nzi. Lamprei wa baharini hatafuti mto alimozaliwa. Huvutwa na harufu ya lava waliomo mtoni. Basi mto uliokwisha lava hupoteza pia mwito wake.

Mkunga wa Tana na Rufiji, kwa upande wake, huzaliwa baharini, hupanda mtoni akiwa mchanga ili akue, na hurudi baharini kuzaa. Kwa hiyo "wapandao mto" na "washukao mto", ingawa ni maneno mazuri, hayatenganishi kitu, maana kila mmoja hupanda na kushuka maishani mwake. Kinachowatenga ni mahali pa kuzaa. Tunapendekeza mhamaji mzaamtoni kwa lamprei, na mhamaji mzaabaharini kwa mkunga.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kuta zilizojengwa kukatiza Severn katika miaka ya 1840 kwa ajili ya vyombo ziliwazuia wazazi waliokuwa wakipanda kutaga. Ukuta kama huo katika mto wenye mikunga huwazuia watoto, na mitambo ya umeme huwahatarisha wazazi wanaoshuka. Mwongozo usemao tu "samaki wahamao wapewe njia" haumwambii mhandisi kama amfikirie mzazi wa karibu mita moja au mtoto wa sentimita chache.

Limebaki jina la mkunga mchanga apandaye mto. Wasomaji waishio karibu na wavuvi wa Tana na Rufiji tunawaomba watuletee maneno yatumikayo huko, kabla hatujatunga la ofisini.